Gauni la Kurudia Nyumbani

Wadi ya wanawake, kitanda cha dirishani
Tarehe 4 Mei

Bobini,

Salamu ndefu nawaachia wenye subira. Mfupa umeunga! Daktari amelitazama paja, akaligeuza, akaibonyezabonyeza nyonga kama mtu anayechagua parachichi, akasema kidonda kimefunga na sasa ni mazoezi tu. Nikamuuliza nyumbani lini. Akasema, "Tukipata uhakika kwamba nyumbani kuko tayari." Nikamwambia nyumbani kuko tayari tangu Mama alipotuachia nyumba ile. Akacheka, akaenda zake.

Najua utasema kwa nini nisipige simu. Simu yangu ilianguka pamoja nami kutoka kwenye kile kigoda, yenyewe ikafa, mimi nikabaki. Simu ya wadi iko mezani kwa manesi, na siwezi kukugombeza vizuri watu wakinisikiliza. Bahati nzuri dereva wa gari la mashuka anakaa nyuma ya mtaa wetu, amekubali kutuchukulia barua. Mpe chai.

Sasa sikiliza mambo mawili. Kwanza, mwite Seremala aikate miguu meza yangu ya kukatia. Nitakaa kwenye kiti cha magurudumu kwa muda, na meza ile ilitengenezwa kwa mtu mrefu aliyesimama wima. Aishushe mpaka mtu aliyekaa aweze kulaza viwiko juu yake.

Pili, nishonee gauni la kurudia nyumbani. Lile nililoanguka nalo walilichana hapa mapokezi kwa mkasi ili wanifikie mguu. Ungeona walivyolikata ungelia kuliko ulivyolilia mguu wangu! Chukua kile kitambaa cha maua ya buluu kilicho rafu ya juu. Kukata, mpelekee fundi wa mtaa wa pili. Usijaribu mwenyewe, utakiharibu. Wewe shona tu, hapo hakuna wa kukushinda.

Wagonjwa wenzangu nimewaambia yote: mimi nakata, mdogo wangu anashona, na hakuna nguo iliyotoka kwetu ikarudi kulalamikiwa. Yule bibi wa kitanda cha pili, mama mkwe wake Seremala, anasema tunafanana na jino na ufizi. Nikamwambia mimi ndiye jino.

Dada yako,
Mkasi

*

Nyumbani
Tarehe 9 Mei

Dada mpenzi,

Nimefurahi mno kusikia mfupa umeunga. Nimeisoma barua yako mara mbili, nikamsomea na jirani yetu Mama Kuku, naye amefurahi.

Lakini usiharakishe, dada yangu. Ulivyogonga kichwa ukaugua si mchezo. Wiki zile za mwanzo ulikuwa hunijui hata mimi, nakuita huitiki. Wape madaktari nafasi yao. Hapa nyumbani kwa sasa kuna rangi mpya ukutani na harufu yake kali, na Seremala ana kazi nyingi, kila nikimwita anasema kesho. Na ni msimu wa sare za shule, unajua mwenyewe duka linavyokuwa. Ndiyo maana sijapata nafasi ya kuja kukuona.

Gauni nitakushonea. Kula vizuri, usigombane na manesi.

Mdogo wako,
Bobini

*

Wadini
Tarehe 18 Mei

Bobini,

Rangi? Nani alikwambia upake rangi? Na ni rangi gani? Kama ni ile ya kijani ya hospitali nitarudi nikuchape na futi.

Leo nimetembea kwa kile chuma cha kushikilia, kutoka kitandani mpaka mlangoni na kurudi. Kijana wa mazoezi akapiga makofi. Nilimwambia asipige, mimi si mtoto, lakini nilipofika kitandani nililia kwa furaha, basi naye akalia, tukawa vichekesho vya wadi nzima.

Kinachonichosha si mguu. Ni kuona wenzangu wanaondoka. Mwalimu aliyelazwa baada yangu ameondoka. Yule muuza samaki aliyevunjika mkono ameondoka, watoto wake wamekuja watatu, mmoja kabeba mfuko, mmoja kabeba viatu, wa tatu hana cha kubeba akambeba mama mkono. Kila anayeondoka nafurahi naye mpaka mlangoni, halafu nageuka narudi kitandani peke yangu. Kanga zangu nimezikunja ziko chini ya mto. Nimezikunja na kuzikunjua mpaka zimechoka.

Daktari kila nikimuuliza anasema, "Tunawasiliana na nyumbani." Wanawasiliana na nani? Nyumbani ni wewe. Kama wamekupigia wakakuuliza, wajibu haraka kwamba tayari, nije. Au kuna jambo? Kama kuna jambo niambie. Usinifichefiche kama ulivyokuwa unaficha sindano zilizovunjika.

Na ile meza?

Mkasi

*

Nyumbani
Tarehe 24 Mei

Dada mpenzi,

Meza imekatwa. Usiwe na wasiwasi tena na meza. Seremala amefanya kazi nzuri.

Gauni hili hapa, nimempa dereva kwenye mfuko pamoja na barua. Nimelifanya pana kidogo ili lisikubane kwenye kidonda. Hakuna jambo, dada. Mambo yote naangalia mimi. Wewe pumzika, uwaamini wanaokutakia mema.

Bobini

*

Wadini
Tarehe 27 Mei

Mdogo wangu,

Gauni limefika. Nililitandaza kitandani, manesi wakaja kulishangaa, bibi wa kitanda cha pili akaomba alivae yeye.

Sasa wacha nikuulize kama fundi. Kwapa nimelitazama dirishani kwenye mwanga. Fundi wa mtaa wa pili hukata kwapa kama mtu anayekata mkate. Hili limekatwa na mtu anayejua kwamba bega langu la kulia liko chini kuliko la kushoto, na hilo halijui mtu duniani ila mimi na wewe. Umekata mwenyewe, Bobini. Na umekata vizuri. Nimetafuta kosa asubuhi nzima, sikuliona. Mkono wa namna hii hauji kwa gauni moja. Umeanza lini kukata?

Hilo ni la kwanza, na ningeweza kulicheka. La pili silicheki.

Gauni hili linafunguka nyuma. Kutoka shingoni mpaka kwenye pindo, na limefungwa kwa kamba. Mbele hakuna hata kifungo kimoja. Tumeshona magauni ya hivi, nakumbuka vizuri, kwa yule mzee wa kike wa nyumba ya kona aliyepooza, ili anayemtunza amgeuze upande, amvishe, amvue, bila yeye kuinua mkono. Ni gauni la mtu wa kuvishwa. Mimi nimeumia nyonga, mikono yangu haina hata mkwaruzo.

Kwa nini umenishonea gauni la mtu wa kuvishwa?

Mkasi

*

Nyumbani
Tarehe 30 Mei

Dada,

Unalipekua gauni kama polisi. Magauni mangapi hufunguka nyuma? Yote ya harusi tuliyowahi kushona yalifunguka nyuma. Nilifikiria wepesi tu, nesi aweze kukusaidia. Na kukata, nimejaribu kidogo kwa sababu wateja walikuwa wengi.

Naomba tusigombane kwa barua.

Bobini

*

Wadini
Tarehe 2 Juni

Bobini,

Gauni la harusi hufunguka nyuma kwa sababu bibi harusi ana dada wa kumfunga. Wewe ulikuwa unanifunga mimi, na mimi nakufunga wewe, kila sherehe, na ukinibana nyama kwa zipu napiga kelele mtaa mzima unasikia. Usinifundishe magauni.

Jana Seremala alikuja kumwona mama mkwe wake. Mtu mwema yule, hana siri wala hajui kwamba watu wengine wanazo. Akasimama kitandani kwangu akaniuliza, "Fundi, meza ile niliikata vizuri, eti?" Nikamwambia nimesikia, nashukuru kwa kunikumbuka juzi. Akashangaa. "Juzi gani? Niliikata wiki ileile uliyoanguka. Ulikuwa bado hujaamka. Nilimwambia mdogo wako tungoje kidogo, akaniambia wateja hawangoji. Nikampima yeye, nikakata kwa kimo chake." Akasema hivyo huku anamenya chungwa! Hakuona kitu usoni kwangu. Nami nilimwambia ahsante.

Nimekaa na neno hilo usiku na mchana. Mimi nimelala, mashine inanipumulia, hujui kama nitaamka, na wewe unaita msumeno. Meza ile ilikuwa ya kimo changu. Ukiikata miguu, hairefuki tena. Ulikata kama mtu anayejua mwenye meza harudi.

Nikamwita daktari. Nikamwambia leo aniambie ukweli au nipige kelele. Akakaa. Akasema mimi nimekuwa tayari kuruhusiwa siku nyingi, lakini mdogo wangu amewaeleza kwamba chumba changu kiko ghorofani na ngazi ni nyembamba, na kwamba hakuna mtu wa kunitunza. Ghorofani! Nyumba yetu ukipanda kigoda unagusa dari! Akasema umeniombea nafasi kwenye makao ya wasiojiweza, na gari litanichukua mwanzo wa mwezi ujao. Alidhani najua. Alidhani ndiyo nimekubaliana nawe.

Basi nikalielewa gauni. Ulilishona kwa kipimo cha huko.

Mama mmoja, titi moja, sahani moja. Nimekusifia kwa watu wadi nzima. Nikienda mazoezini nikashindwa, nilikuwa nasema, nyumbani kuna mtu ananingoja, na mguu unanyanyuka. Kumbe nilikuwa nautembeza mguu kwenda kwa mtu anayenifungia mlango. Niambie kwa nini. Si kwa upole wako huo wa asali. Niambie.

Mkasi

*

Nyumbani
Tarehe 6 Juni

Dada,

Ndiyo. Nilisema ghorofani. Ndiyo, niliwaomba wakupeleke makao. Ni mahali pasafi, nimepaona mwenyewe, wana bustani. Nilikuwa nitakuambia, kila nikianza barua nashindwa.

Umeniuliza kwa nini, nami nakujibu. Siku ile gari la wagonjwa lilipoondoka nawe, dukani kulikuwa na sare za shule nzima hazijakatwa. Nilisimama mbele ya meza yako nikilia, kidevu changu kiko sawasawa na ukingo wake. Nikapanda juu ya sanduku. Nikashika mkasi wako. Nilikata huku nalia, halafu nikaona nimeacha kulia na bado nakata. Mkono haukutetemeka. Dada, nilikuwa najua! Nimekaa chini yako miaka yote nikitazama mikono yako, kila kitu nilikuwa nakijua, na hukuwahi hata siku moja kuniuliza. Wateja ulikuwa unawaambia, "Huyu mpeni uzi, msimpe mkasi, atawakata masikio." Wakacheka, nami nikacheka nao. Mimi ni wa kucheka tu.

Siku ya tatu nilianguka kutoka kwenye lile sanduku. Ndipo nikamwita Seremala. Sikukuombea kifo, Mungu ni shahidi, nilikuwa nakuja kila jioni kukushika mkono. Lakini ulipofumbua macho, neno lako la kwanza ulisema, "Asiguse meza yangu." Hukusema jina langu. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za hospitali, nikajua ukirudi nitarudi nilikokuwa.

Sasa wateja wananiita fundi. Wananiuliza mimi, "Unaonaje, fundi?" Sitaki kurudi chini. Niite mbaya. Ni kweli nimekusaliti, sibishi. Lakini mimi nilisalitiwa mapema zaidi, kila siku kidogokidogo, mbele ya watu, na nikakupikia jioni.

Bobini

*

Wadini
Tarehe 11 Juni

Bobini,

Barua yako imenichoma. Nimeisoma nikaitupa, nesi akaiokota akaniwekea chini ya kikombe.

Sitakujibu kuhusu masikio ya wateja. Kama nilikukosea hapo, ungekuja ukasimama mbele yangu ukanitukana, tungerushiana vitambaa, yangeisha. Dada hawakosi kugombana. Lakini wewe ulinijibu kwa kuniandikia "dada mpenzi" huku umenitafutia kitanda cha kufia. Hilo sijui nitaliweka wapi moyoni.

Gauni lako nimelifumua. Nesi alinipa sindano, uzi nikauchomoa humohumo kwenye mishono yako. Nimeligeuza: nyuma nimeileta mbele, shingo nimeishusha, kamba nimezitupa. Vifungo nimechangiwa na wadi nzima, hakuna kinachofanana na mwenzake, bibi wa kitanda cha pili amekata kimoja kwenye sweta yake.

Jana daktari alipokuja na wanafunzi wake nilimwambia atulie hapo. Nikalivaa mbele yao, nikalifunga mwenyewe, kifungo kimoja kimoja, nikashika chuma changu nikatembea mpaka mlangoni nikarudi. Nikamwambia, "Nyumba yetu haina ngazi hata moja. Mtume mtu akaangalie. Na kuanzia leo habari zangu niulize mimi." Wamemtuma kijana wa mazoezi, wewe ulikuwa sokoni, Mama Kuku akamfungulia. Amerudi akasema mlango unapitisha kiti, na meza ya dukani iko sawasawa kabisa na kimo cha mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu.

Umesikia hiyo? Meza uliyoikata ili nisirudi ndiyo iliyonirudisha.

Nimeruhusiwa. Nakuja Ijumaa asubuhi kwa gari la mashuka. Sijakusamehe, na sitajifanya. Nitakaa mezani kwangu na wewe utakaa kwenye cherehani yako, tutanuniana mpaka tuchoke. Hivyo ndivyo ndugu wanavyokaa. Lakini usinifungie mlango.

Mkasi

*

(Juu ya meza, chini ya mkasi)
Ijumaa

Dada,

Mlango sijaufunga, ufunguo anao Mama Kuku. Nimemwomba awe anakuja asubuhi na jioni, amekubali kwa moyo. Kitanda chako nimekitandika mashuka mapya. Rangi ni nyeupe, si kijani. Chakula cha leo na kesho kimefunikwa jikoni.

Cherehani nimeichukua, ni yangu. Meza ni yako nimekuachia, na mkasi nimeunoa. Wateja nimewaambia nahama, wengine wamesema watanifuata, sikuwalazimisha. Ninakokwenda sikwambii, ungekuja.

Ulisema utakaa mezani kwako na mimi nitakaa kwenye cherehani yangu. Nimelisoma hilo mara nyingi nikitafuta kama kuna mahali pengine umenipangia. Hakuna.

Ulitaka kurudi nyumbani. Karibu.

Bobini

*

Nyumbani
Tarehe 29 Juni

Bobini,

Dereva wa gari la mashuka anaapa hajui ulipo. Lakini macho yake hayajui kudanganya, kwa hiyo nampa mzigo huu na barua, akufikishie au auweke mpaka atakapokumbuka.

Nimerudi. Siku ile aliniteremsha mlangoni, nikasukuma kiti mwenyewe mpaka ndani, nikaita jina lako kama ninavyoita siku zote, kwa ukali, kabla sijaona barua. Mahali pa cherehani yako pamebaki alama nne za miguu sakafuni na vumbi la uzi. Sikumruhusu Mama Kuku afagie hapo.

Kijana wa mazoezi alisema kweli. Nikikaa, viwiko vyangu vinalala juu ya meza bila kuinua bega. Nimeshaanza kukata. Nikimaliza kipande nanyoosha mkono kushoto kukupitishia, mkono unabaki hewani. Nimefanya hivyo mara nyingi mno, Mama Kuku anadhani ni ugonjwa.

Nilikuwa na hamu ya nyumbani miezi yote ile, Bobini. Nilidhani ni hamu ya chumba, na dirisha, na meza yangu. Umeniachia vyote hivyo, umeniibia kilichobaki. Nina hasira na wewe mpaka usingizi hauji. Na nakukosa. Vyote viwili kwa pamoja, na hakuna kinachompisha mwenzake.

Humu kwenye mzigo kuna gauni lako. Nimelikata kwenye baki la kile kitambaa cha buluu. Sikukupima, vipimo vyako ninavyo mkononi tangu ulipokuwa mtoto nikikuvalisha. Vipande vyote vipo, nimevifunga kwa mpangilio. Kushona unajua mwenyewe, wala sitakufundisha.

Nimelikata lifunguke nyuma. Usiweke zipu, halikukatwa kwa zipu. Ni vifungo, vile vidogo vya duara, kutoka shingoni mpaka kiunoni, na hakuna mtu mwenye mkono wa kuvifikia mwenyewe.

Dada yako,
Mkasi